Mbwa Mkali, Mbwa Kali

Kwenye kigimbi cha mguu wangu wa kushoto kuna kovu la ukubwa wa punje ya hindi. Nililipata nikiwa darasa la tatu, Moshi, na aliyenipa ni Popi, mbwa mdogo mweupe wa bibi mmoja jirani yetu ambaye kila Jumamosi alinipa maandazi mawili, moja la kula njiani. Popi alikuwa na tabia ya kulala katikati ya njia. Nilimkanyaga mkia, akaniuma, akarudi kulala.

Nilipofika nyumbani soksi imelowa damu, mama aliuliza ni mbwa gani. Kabla sijafungua mdomo, kijana wa dukani alishajibu: Simba huyo. Simba alikuwa jibwa jeusi lenye miguu ya kahawia, nusu German Shepherd, nusu hakuna ajuaye nini, aliyefungwa mnyororo nyuma ya geti lenye kibao cha bati: MBWA MKALI. Sikuwahi kusikia kwamba amemuuma mtu. Lakini alikuwa na sauti, na alikuwa na kibao. Nami nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nawaza maandazi. Siku ya tatu wanaume wawili walikwenda na marungu, mwenye mbwa akasimama kando na mikono nyuma, na Simba akafa. Mimi nikaendelea na sindano zangu. Hakuna aliyekwenda kumtazama Popi kama ana kichaa.

Nimekisoma kitabu cha Bronwen Dickey, Pit Bull: The Battle over an American Icon, kilichotoka mwaka 2016, nikiwa na deni hilo. Kwa hiyo mhakiki huyu si mtu baki, na msomaji ana haki ya kulijua hilo mapema.

Ukikishika kitabu unadhani ni utetezi wa mbwa, mtu na kipenzi chake. Mwandishi anaye mbwa wa sura hiyo nyumbani, kweli, lakini kazi aliyoifanya ni kubwa zaidi: ameandika historia ya neno. Pitibuli si mbegu moja. Kuna American Pit Bull Terrier, anayeandikishwa na chama kimoja cha mbwa cha Marekani tangu 1898 huku chama kingine kikubwa kikikataa kabisa kumtambua. Kuna American Staffordshire Terrier, ambaye chama hicho kilichokataa kilimkubali mwaka 1936, ingawa damu ni ileile. Kuna Staffordshire Bull Terrier wa Waingereza. Halafu kuna lile kundi kubwa kuliko yote, mbwa yeyote mwenye kichwa kipana na manyoya mafupi ambaye mama yake hajulikani. Gazeti likiandika kwamba pitibuli amemuuma mtoto, linaweza kuwa na maana ya yeyote kati ya hao. Hesabu inayojengwa juu ya neno la namna hiyo huanza kupinda kabla namba ya kwanza haijaandikwa.

Wataalamu wenyewe hupotea. Utafiti uliofanywa Florida na kuchapishwa 2015 uliwataka wafanyakazi wa vituo vya kutunzia mbwa, watu wanaoshinda na mbwa kutwa, wataje asili ya mbwa 120, kisha majibu yao yakalinganishwa na vipimo vya vinasaba. Mbwa wengi wasio na chembe ya damu hiyo waliitwa pitibuli na mfanyakazi mmoja au zaidi. Ikiwa hao wanakosea mchana, mbwa akiwa ametulia mbele yao, vipi shahidi aliyekuwa anakimbia?

Sehemu inayonivutia zaidi ni jinsi sifa ya mbwa inavyopanda na kushuka wakati mbwa mwenyewe habadiliki. Mwaka 1915 mchoraji Wallace Robinson aliyachora mataifa yaliyokuwa vitani Ulaya kama mbwa, na katikati yao akaiweka Marekani, pitibuli, aliyetulia na asiyemwogopa yeyote. Vita vilipokwisha, Stubby, mbwa wa sura hiyohiyo aliyekwenda Ufaransa na wanajeshi, alipokewa kama shujaa. Kisha Julai 1987 jarida la Sports Illustrated likaweka jaladani meno ya pitibuli na onyo kwa wasomaji. Kati ya picha hizo mbili yapo mapambano ya siri ya mbwa, ambayo kwa kweli hayakuwahi kuisha. Kuna pia mabadiliko ya mtu aliyeshika kamba. Mbwa huyu alikuwa amehamia machoni mwa watu kutoka kwa mkulima na askari mzungu hadi kwa kijana mweusi au Mlatino wa mtaa maskini wa mjini. Dickey anasisitiza jambo hili bila kupaza sauti, nami namshukuru kwa hilo, maana lingeweza kugeuka hotuba.

Karen Delise, aliyeandika The Pit Bull Placebo mwaka 2007, alikwenda nyuma zaidi. Katika karne ya 19 Wamarekani walimwogopa bloodhound. Woga huo ulikuwa na mzizi wa kweli, kwani mbwa walitumika kuwasaka watumwa waliotoroka. Lakini jukwaa ndilo lililoukuza. Katika riwaya ya Harriet Beecher Stowe, Uncle Tom's Cabin, hakuna mbwa wanaomkimbiza Eliza anapovuka mto wenye barafu. Waigizaji ndio waliowaongeza kwa sababu watazamaji walilipa kuona mbwa. Na kwa kuwa bloodhound halisi ni mpole na masikio yake yananing'inia kama ya mzee aliyechoka, mara nyingi walipandishwa Great Dane au mbwa wengine wakubwa wa kutisha, wakatangazwa kwa jina la bloodhound. Mbwa mmoja alibweka, mwingine akapata sifa mbaya. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda.

Hapa nataka kuongeza langu. Mei 1963 polisi wa Birmingham, Alabama, waliwaachia mbwa waandamanaji weusi, wengi wao vijana wa shule, na picha zikazunguka dunia nzima. Wale walikuwa German Shepherd. Mbegu hiyohiyo Australia ilikuwa imeipiga marufuku kuingia nchini tangu 1929 hadi miaka ya 1970, kwa hofu kwamba itachanganyika na mbwa mwitu wa kule na kumaliza kondoo. Kwa hiyo kondoo wa Australia walipata sheria. Baada ya Birmingham, hakuna aliyesimama Marekani kusema mbegu hii ina ukali wa kuzaliwa, ifutwe. Mwaka 2015 Wizara ya Sheria ya Marekani iliwachunguza polisi wa Ferguson, Missouri, ikakuta kwamba katika kila tukio la mbwa wa polisi kuuma mtu ambalo rangi ya aliyeumwa iliandikwa, aliyeumwa alikuwa mweusi. Hatari inayoshikwa na serikali kwa mkono wake haiitwi hatari. Huitwa kikosi.

Baada ya vitabu hivyo niliisoma sheria ya Uingereza ya mbwa hatari ya 1991, nikaisoma kama ninavyosoma hadithi. Ni hadithi iliyoandikwa kwa haraka, baada ya mashambulizi yaliyoshtua nchi, na inaonekana. Inataja wanne: pitibuli, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Lakini haisemi mbegu, inasema mfano wa mbegu, kwa hiyo mbwa hupimwa kwa futi na jicho: kichwa, kifua, mkia, mapaja. Wazazi wake wanaweza kuwa wengine kabisa na bado akawa haramu. Tena mwendesha mashtaka akishadai kuwa mbwa ni wa mfano huo, ni juu ya mwenye mbwa kuthibitisha kwamba siye. Sijui hadithi nyingine ambamo mshtakiwa anahukumiwa kwa upana wa taya. Huko Belfast, chini ya sheria ya Ireland ya Kaskazini ya namna hiyo, mbwa aitwaye Lennox aliuawa Julai 2012 baada ya miaka miwili ya kesi, na hakuwa amemuuma mtu.

Mwisho wa 2023 orodha ikaongezewa wa tano, XL Bully. Nisiwe mwongo: watu walikufa kwa meno ya mbwa hao, watoto wakiwemo, na mzazi aliyezika hana haja ya somo langu la historia ya maneno. Ndipo ninapotofautiana na watetezi wengi. Uzito ni uzito. Popi aliponiuma aliniachia punje ya hindi. Mbwa wa kilo 50 angeniacha bila mguu. Mwili mkubwa ni sababu halali ya kumdai mwenye mbwa ukuta, kamba na akili. Kinachonishinda ni kuruka kutoka kwenye mwili hadi kwenye roho, kwamba kichwa hiki kipana kimebeba nia.

Ushahidi hauungi mkono mruko huo. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000. Mbegu ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Miaka 22 kabla yake, watafiti waliohesabu Wamarekani 238 waliouawa na mbwa kati ya 1979 na 1998 walikuta mbegu zisizopungua 25, pitibuli na Rottweiler wakiongoza, na bado waliandika wenyewe kwamba takwimu zao hazifai kutungia sheria ya mbegu. Denver, mji uliokuwa ukiwaua mbwa hawa tangu 1989, uliiacha marufuku yake kwa kura ya wananchi mwaka 2020. Uholanzi ilishaiacha yake zamani zaidi.

Upande wa pili nao una hadithi yake, na hapa Dickey hana budi kugawana lawama na wasomaji wake wapendao mbwa. Wanapenda kusema hakuna mbwa mbaya, kuna malezi mabaya. Sentensi hiyo inaliwaza, lakini ipeleke Virginia uone. Mwaka 2007 mbwa karibu 50 walichukuliwa katika shamba la Michael Vick, mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani, walikokuwa wakipiganishwa, na wasioshinda kuuawa kwa kunyongwa au kuzamishwa majini. Malezi gani mabaya kuliko hayo? Baadhi ya mashirika makubwa ya kutetea wanyama yalipendekeza wauawe wote. Jim Gorant, katika The Lost Dogs ya 2010, anasimulia walivyopimwa mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina lake: mmoja tu ndiye aliyeuawa kwa sababu ya ukali. Wengi walikuwa waoga tu, wakilala chini kama mikeka. Kama malezi ndiyo yote, mbwa wale walistahili sindano. Kaulimbiu ya wapenda mbwa na sheria ya wachukia mbwa zinafanana katika jambo moja: zote zinajua habari za mbwa kabla hajaletwa.

Kwetu mambo yana sura nyingine. Nairobi utaona mageti yameandikwa MBWA KALI, na walimu wa Kiswahili wamechoka kusahihisha. Mbwa ni kiumbe, kwa hiyo ni mkali, kama askari au mwalimu. Kali bila m ni ya pilipili, ya dawa, ya jua. Nilikuwa nacheka kosa hilo. Siku hizi naona mwandishi wa kibao alisema alichokusudia. Alitaka kitu kikali, mfano wa vipande vya chupa juu ya ukuta. Ndiyo maana Dar es Salaam na Nairobi watoto wa Rottweiler na Boerboel wananunuliwa kwa pesa nyingi kwa sifa ileile iliyowafanya waogopwe kwingine. Hapa sifa mbaya haimuui mbwa moja kwa moja. Inampandisha bei, kisha inamfunga mnyororo mpaka awe kama alivyotangazwa.

Anayeuawa kwa jina kwetu ni koko. Tunasema mbwa koko tukiwa na maana ya asiye na mtu, mla majalala, mleta kichaa. Watafiti waliofanya kazi ya chanjo katika vijiji vya kuzunguka Serengeti wamekuta kwamba wengi wa mbwa wanaozurura wana wenyewe, wanashikika na kuchanjika, na kwamba chanjo ikifikia asilimia 70 hivi ya mbwa ugonjwa hukatika. Marungu na risasi havijaleta matokeo hayo popote. Neno koko linamfuta mwenye mbwa kabla hajaulizwa chanjo iko wapi.

Dickey hajui habari za koko, wala si kazi yake. Kitabu chake ni kirefu kuliko kinavyohitaji katikati, hasa anapopita katika mabishano ya vyama vya mbwa, na mtu asiyeijua Marekani ataruka kurasa. Aziruke, aendelee. Ningependa mtu akiandike kwa Kiswahili kitabu chetu cha namna hiyo, akianzia na vibao.

Cha mtaa wetu kilibaki getini miaka mingi baada ya Simba kufa. Mwenye nyumba hakufuga mbwa mwingine. Watoto waliozaliwa baadaye, ambao hawakuwahi kumwona wala kumsikia, walikuwa wakifika pale wanavuka barabara. Nami nilivuka nao.