Ufunguo Uliokuwa Kifuani

Kitabu cha John Bunyan, kielezacho safari ya Mkristo kutoka Mji wa Uharibifu kwenda Mji wa Mbinguni, si kigeni kwa wasomaji wetu, maana kimefasiriwa kwa lugha nyingi, na Kiswahili kimo. Mwandishi wake alikuwa fundi wa kuziba sufuria huko Uingereza. Mwaka 1660 alitiwa gerezani kwa kuhubiri pasipo ruhusa, akakaa humo miaka 12. Sehemu ya kwanza ya kitabu ilichapishwa mwaka 1678, na ya pili mwaka 1684. Wengi hukisifu kwa ajili ya vita vya Mkristo na Apolioni. Sisi twaona kwamba fundisho lake kuu limo katika habari za Ngome ya Mashaka.

Na tuangalie kwanza jinsi Mkristo alivyofika huko. Hakuwa mtu aliyeanza safari jana. Alikwisha kumshinda Apolioni. Alikwisha kupita Soko la Ubatili, ambako mwenziwe Mwaminifu aliuawa kwa ajili ya imani. Baada ya hayo yote njia ikawa mbaya, miguu ikamwuma, akaona kando ya njia majani laini. Akaingia, akamvuta na Tumaini aliyefuatana naye. Usiku wakapotea, na asubuhi jitu liitwalo Kukata Tamaa likawakamata, likawafunga gizani tangu Jumatano mpaka Jumamosi, likawapiga kwa rungu na kuwashauri wajiue. Hapa mwandishi amenena kweli. Mashaka hayamjii mtu siku ya vita kubwa tu; humjia pia amechoka, na njia nyororo ikiwa karibu.

Tena, aliyelegea humo gerezani ni Mkristo, aliye mkubwa katika imani. Tumaini, aliyeamini juzi tu kwa kuona ushuhuda wa Mwaminifu, ndiye aliyemtia moyo na kumkumbusha aliyoyashinda. Ufunguo uitwao Ahadi ulikuwamo kifuani mwa Mkristo siku zote, lakini hakuukumbuka mpaka walipokwisha kuomba pamoja karibu usiku kucha.

Jambo hili latuhukumu sisi. Twamjua mama mmoja ambaye mtoto wake aliugua majuma mengi. Ndugu zake walimsihi aende kwa mganga, naye akaenda usiku. Habari ilipotufikia, sisi waalimu na wazee tulikuwa wepesi kukubaliana kwamba atengwe na ushirika. Hatusemi kwamba hakukosa. Lakini katika majuma yale yote, hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kukesha naye. Ufunguo alikuwa nao, kwa kuwa alibatizwa na kufundishwa. Aliyekosekana ni Tumaini wa kukaa naye gizani hata aukumbuke.

Kitabu hiki kina upungufu, nasi hatuna budi kuutaja. Mwanzoni Mkristo aziba masikio kwa vidole, akimbia, na nyuma yake mke na watoto wanamlilia arudi. Wanafunzi wetu huuliza kama hiyo ndiyo desturi ya mwamini, na swali lao ni la haki. Jibu limo katika sehemu ya pili, ambayo wengi hawaifikii. Humo mke yule ashika njia pamoja na wanawe wanne, na kiongozi wao, Moyo Mkuu, awapokea hata kiwete na mnyonge wa moyo, na wote waenda kwa mwendo wao. Walipofika kwenye ile ngome hawakupita tu. Moyo Mkuu na wenziwe waliliua lile jitu, wakaibomoa ngome kwa siku saba, wakawatoa wafungwa wawili wakiwa hai, mzee na binti yake. Kisha kiwete akacheza na yule binti, gongo lake mkononi.

Basi twawashauri wasomaji wasiishie sehemu ya kwanza. Katika ile, watu wawili waliponyoka, na ngome ikabaki imesimama ikiwangoja wengine. Katika hii, jamaa nzima waliibomoa. Wazee wetu walisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Mtoto wa mama yule amepona, lakini mama bado huketi nje ya kanisa, karibu na mlango. Jumapili ijayo na tuanze safari yetu kwa kwenda kuketi karibu naye.