Mwandishi Akihama Utanzu

Kiswahili huiita aina ya fasihi utanzu, yaani tawi, na aina za ushairi huziita bahari. Majina haya mawili hayasemi jambo moja. Anayetoka tawi hili kwenda lile bado yumo katika mti uleule: lugha haibadiliki, watu anaowaandika ni walewale, utomvu ni mmoja. Anayetoka bahari hii kwenda ile hukuta pepo nyingine na miamba asiyoijua, na nahodha aliyesifika kwao anaweza kupanda mwamba mchana kweupe ugenini. Mwandishi anayehama utanzu hupatwa na yote mawili. Ndiyo maana kuhama kwake ni kazi ya ufundi, wala si ujasiri mtupu kama inavyosifiwa mara nyingi.

Kinachobadilika kwanza ni hesabu ya pumzi. Shairi la tarbia lina mishororo 4 katika kila ubeti, na kila mshororo una mizani 16, 8 za ukwapi na 8 za utao. Mizani zikizidi, mshairi hufupisha neno kwa inkisari. Zikipungua hulirefusha kwa mazida. Baada ya miaka mingi ya kazi hiyo sikio huhesabu lenyewe, hata mwenyewe asipotaka. Mtu huyo akiketi kuandika riwaya, sentensi zake hutoka na pande mbili zilizolingana kama mizigo ya punda. Kisha hugundua mambo ambayo ushairi ulikuwa umemsamehe: mlango sharti ufunguliwe kabla ya mtu kuingia, msafiri wa Korogwe sharti apate nauli, na mgeni aliyekaribishwa chai hawezi kusahauliwa na kikombe mkononi. Mwandishi wa riwaya anayekwenda kwenye tamthilia naye hunyang'anywa neno moja ambalo hakuwahi kudhani ni mali: “aliwaza”. Jukwaani hakuna anayewaza kwa kurasa mbili. Wazo likae katika ulimi wa mtu au katika mkono wake, la sivyo halipo.

Fasihi ya Kiswahili ina mifano mingi ya wahamaji hawa, na ulio mkubwa kupita yote ni Shaaban Robert. Aliandika mashairi, tenzi, insha, hadithi, tawasifu na wasifu. Ni vigumu kutaja chumba cha nyumba hii ambamo hakulala. Lakini alipoingia katika nathari hakuuacha ushairi mlangoni. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ni hadithi ya nchi iliyo hewani, ambamo Karama anashtakiwa na kujitetea kwa kusimulia safari za wajumbe 6 waliotumwa pande zote, juu na chini zikiwamo. Mpango wake ni wa beti: kila mjumbe anaondoka, anaona, anarudi, anaadhibiwa, na adhabu hiyo inarudi kama kibwagizo. Wahusika wanaitwa Karama, Majivuno, Buruhani, Fadhili. Katika shairi, Fadhili anaweza kuwa jina na sifa kwa wakati mmoja bila mtu kuuliza urefu wake. Katika nathari msomaji huanza kumtafuta uso, na mara nyingi haupati.

Upungufu huo hauwezi kukosa kuonwa, lakini ni upande mmoja tu wa mzani. Uzito wa kusemeka wa sentensi zake, hata leo zinaposomwa kwa sauti darasani, ni zawadi ya mizani ileile iliyowanyima wahusika wake nyuso. Mwandishi aliyezaliwa katika nathari asingeipata. Na ufundi wa Shaaban Robert unaonekana zaidi alipojifunga kwa kitu kisichopinda. Wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka 1958, ulimkabili na mwanamke wa kweli aliyetoka Fumba, aliyeuza vyungu, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Hapa hakuwa na uhuru wa kumpa mhusika jina la sifa wala kumchagulia mwisho. Mshairi aliyezoea kuamuru ilimbidi apokee, na kitabu hicho kifupi kina joto la mtu ambalo Kusadikika, kwa ukubwa wake wote, haina.

Safari ya Euphrase Kezilahabi ilielekea upande wa pili. Huyu, mzaliwa wa Ukerewe, alianza na riwaya: Rosa Mistika mwaka 1971, yenye kijiji, shule, barua ya mapenzi na kipigo cha baba kwa sababu ya barua hiyo. Mwaka 1974 vitabu vyake viwili vilitoka pamoja, riwaya ya Kichwamaji na diwani ya Kichomi. Diwani hiyo ndiyo iliyozua moto. Mashairi yake hayakuwa na vina wala hesabu ya mizani, na mwenyewe alieleza kwamba alikusudia kuingiza katika ushairi lugha ambayo watu huitumia katika mazungumzo yao ya kila siku. Wanamapokeo, ambao tangu mwaka 1954 walikuwa na kitabu cha Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi kama kipimo, walijibu kwamba kisicho na vina na mizani kiitwe kingine chochote, si shairi. Mabishano yalienda kwa miaka, magazetini na vyuoni.

Kilichosemwa kidogo katika mabishano hayo ni kwamba Kichomi ni kazi ya mwandishi wa riwaya. Shaaban Robert alipeleka mizani katika nathari. Kezilahabi alipeleka pumzi ya nathari katika ushairi. Mshororo wake haukatwi na hesabu bali na jicho: kitu kinaonekana, mstari unaishia. Mtunzi aliyelelewa katika tarbia angeacha vina kwa machungu, na machungu hayo yangesikika. Kezilahabi hasikiki akiacha kitu. Hili haliwafanyi wanamapokeo kuwa wajinga, maana walikuwa wakilinda ala yenye umri wa karne kadhaa, na ala hiyo bado inalia vizuri mikononi mwa wenye kuijua. Ila mgeni ana haki moja ambayo mwenyeji hana, nayo ni ya kutojua kwamba jambo fulani halifanywi.

Muhammed Said Abdulla alihama kwa njia ya tatu, iliyochekesha zaidi. Alikuwa mtu wa magazeti Zanzibar. Gazeti humpa msomaji jambo kubwa katika mstari wa kwanza. Riwaya ya upelelezi hulificha mpaka kurasa za mwisho. Mhariri huyo ilimbidi ageuze kazi yake nje ndani. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58, ikatoka kitabu mwaka 1960, na Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, akaingia katika nyumba za wasomaji. Kiko kilitoka Uingereza, kwa Sherlock Holmes, hilo halikufichwa. Lakini maiti ilikutwa penye mzimu, na siri ilifumbuliwa kwa mazungumzo ya barazani, utani na udadisi wa Kizanzibari. Aliazima ufunguo, nyumba ikabaki yake.

Ebrahim Hussein hakuutoa utanzu wake mpya kitabuni. Baada ya Kinjeketile ya mwaka 1969, tamthilia ya Vita vya Majimaji iliyojengwa kwa maonyesho na majibizano kama tamthilia za Ulaya zinavyojengwa, alirudi nyuma kwenye ngano. Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, zilizotoka pamoja mwaka 1976, zimemwachia jukwaa mtambaji mmoja. Fanani huyo ni wahusika wote, na hadhira inajua hivyo tangu mwanzo, kama inavyojua mjukuu aliyeketi miguuni pa bibi. Yaani utanzu mpya kwa tamthilia ya Kiswahili ulikuwa mkongwe kuliko tamthilia yenyewe.

Wengine hujifunza utanzu kwa kutafsiri. Julius Nyerere hakuwa ametunga tamthilia alipoutoa mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar, kwa Kiswahili mwaka 1963. Miaka 6 baadaye aliutoa tena akiwa ameusahihisha. Marudio hayo, kwa rais mwenye nchi ya kuendesha, ni ushahidi mzuri wa unyenyekevu ambao fundi mgeni anauhitaji.

Mhamo unaodhaniwa kuwa rahisi kuliko yote ni wa kutoka riwaya kwenda tawasifu. Ken Walibora alijulikana kwa Siku Njema, riwaya ya mwaka 1996 ambamo Kongowea Mswahili anasimulia kwa “mimi” safari yake ya kumtafuta baba. Baadaye aliandika Nasikia Sauti ya Mama, na “mimi” wa humo ni yeye. Neno ni lilelile, kazi si ileile. Kongowea anaweza kukumbuka chochote mwandishi anachohitaji. Mwenye tawasifu hukutana na mashimo ya kumbukumbu, na jamaa walio hai wenye kumbukumbu zao. Ustadi wa kubuni, uliokuwa mtaji wake, hapo unageuka kishawishi.

Shule haijasaidia sana katika haya yote. Mtihani wa fasihi hutenga riwaya, tamthilia, hadithi fupi na ushairi kila moja sehemu yake, na mwanafunzi huondoka akidhani waandishi nao wametengwa hivyo. Hakuna swali linalomtaka asome Kichwamaji na Kichomi kama kazi za mkono mmoja za mwaka mmoja.

Na anayehama akirudi, harudi alivyokuwa. Kezilahabi alitoa diwani ya pili, Karibu Ndani, mwaka 1988, kisha akarejea kwenye nathari kwa Nagona na Mzingile. Vitabu hivyo huitwa riwaya, lakini kila kimoja hakifiki kurasa 100, muda wake umevunjika, na njia zake hazimo katika ramani yoyote. Kile kijiji cha Rosa Mistika hakipo tena; sentensi zimekazwa kama mishororo. Ushairi uliopokea pumzi ya nathari ulikuwa umelipa deni. Dhifa, diwani yake ya tatu, ilitoka mwaka 2008, miaka 34 baada ya Kichomi, wakati mashairi huru yalikuwa yakifundishwa na kutahiniwa shuleni sambamba na yale yenye vina.