"Ukubwa" wa Mwanga

Katika rasimu moja ya tafsiri ya somo la macho imo sentensi hii: "Ukubwa wa mwanga ukizidi, ukubwa unaohitajika ili uonekane hupungua." Msomaji atadhani mpiga chapa amekosea. La hasha, aliyekosea ni mfasiri, aliyelitwika neno moja mizigo miwili: eneo la doa la mwanga na ukali wa mwanga wenyewe.

Kanuni inayofasiriwa ni ya Annibale Riccò, mtaalamu wa falaki wa Italia, aliyeieleza mwaka 1877. Doa dogo huanza kuonekana pale zao la eneo lake na ukali wake linapofikia kiwango fulani. Eneo likiwa maradufu, nusu ya ukali yatosha.

Mkazi wa Mukendo, mjini Musoma, atazamapo usiku taa za wavuvi wa dagaa ziwani, husema "ile taa kubwa", wala hakosei. Kwa umbali ule taa ni nukta tu. Mwanga wake wote huangukia sehemu finyu ya retina, na jicho huujumlisha bila kujali umetoka katika eneo pana au jembamba. Hapo lugha ya kila siku na jicho vyapatana. Lakini doa likipita upana fulani, ambao ni mdogo katikati ya retina na huongezeka kuelekea pembeni, mapatano huvunjika: kulipanua zaidi husaidia kidogo tu, na hatimaye hakusaidii.

Hospitalini jambo hili si la mzaha. Katika kupima uwanja wa kuona wa mgonjwa wa presha ya macho, hutumika madoa yaliyopangwa na Hans Goldmann, namba I hadi V, kila moja likiwa na eneo mara nne ya lililotangulia. Namba III ni milimita 4 za mraba. Cheti kikisema "ukubwa uliongezwa", je, doa lilipanuliwa au mwanga ulikolezwa? Mgonjwa aweza kuambiwa jicho lina nafuu, kumbe doa ndilo lililobadilishwa.

Twapendekeza "eneo la doa" na "ukali wa mwanga". "Kichocheo" kiachwe hapa, kwani tayari kinawatumikia wanakemia, na homoni nazo huitwa hivyo. Wapo watakaosema kwamba "ukali" haufai kwa mwanga hafifu. Hoja ina uzito, ila watu hao hao husema "halijoto ya barafu" bila kucheka.