Bei ya Mayai na Kura ya Mtu Mmoja

Uchaguzi ukibanana, watu hugundua ghafla kwamba jirani yao hakustahili kupiga kura. Kenya tuliliona hilo Agosti 2022. Kura zilipigwa tarehe 9, mshindi akatangazwa tarehe 15, na siku zote za katikati nchi ilikaa mbele ya runinga ikijumlisha. Kila stesheni ilikuwa na hesabu yake: huku Ruto yuko mbele, ukibadilisha chaneli unamkuta Raila ameshampita. Katika subira kama hiyo ndipo ule mjadala mkongwe hufufuka. Eti mtu aliyehongwa pakiti ya unga afute kura ya aliyesoma manifesto? Si bora wapige waliosoma tu?

Kwa wenye swali hilo, ninayo hadithi fupi ya kuwapa: "Franchise" ya Isaac Asimov, iliyotoka mwaka 1955. Miaka mitatu kabla yake, kompyuta ya UNIVAC ilikuwa imetabiri ushindi mkubwa wa Eisenhower kutokana na kura chache za mwanzo, na watangazaji wa CBS wakasita kuutangaza utabiri huo. Asimov akajiuliza: ikiwa mashine inaweza kujua matokeo kwa kura chache, zinahitajika chache kiasi gani? Jibu lake ni moja. Mwaka ni 2008, na kompyuta iitwayo Multivac inamteua Mmarekani mmoja kwa niaba ya wote. Safari hii ni Norman Muller wa Bloomington, Indiana, karani wa duka asiyejulikana na mtu.

Na hata huyo hapigi kura. Anaulizwa maswali, mojawapo likiwa ni maoni yake kuhusu bei ya mayai. Kutokana na majibu yake mashine inakokotoa nani ameshinda, kuanzia rais kwenda chini. Jamani, hapo nilicheka, halafu kicheko kikakatika.

Kilikatika kwa sababu wakati hadithi hii inachapishwa, Kenya ya mkoloni ilikuwa inapima nani anafaa kupiga kura. Walter Coutts alikabidhiwa kazi hiyo, na mfumo uliotokana na ripoti yake ukatumika Machi 1957, Waafrika walipowachagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza. Ukiwa na elimu, kipato, mali au utumishi wa miaka mingi, uliongezewa kura, hadi tatu kwa mtu mmoja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walidaiwa pia cheti cha uaminifu kwa serikali. Kwa hiyo anayesema leo "wapige waliosoma tu" hajabuni kitu. Hilo lilishajaribiwa hapa hapa, na aliyeshika mizani hakuwa mpigakura.

Uzuri wa Asimov ni kwamba hamleti dikteta wa kumchukia. Kila hatua ina busara yake: mashine haina kabila, haihongeki, haichoki. Anayeutonesha ukweli ni Matthew, mzee wa mkewe Norman, anayekumbuka enzi ambazo kila mtu alipiga kura. Mjukuu wake anamsikiliza kama anayesimuliwa habari za sungura na fisi. Mwishoni Norman, aliyeanza kwa woga, anatoka kifua mbele, akiamini taifa zima limetumia haki yake kupitia kwake. Wengi husoma fahari hiyo kama kejeli kwa mtu mjinga. Mimi naona huruma ndani yake. Kuhesabiwa ni kitu kitamu, hata kama umehesabiwa kwa uongo.

Lakini hadithi ina pengo, nalo si dogo: haina aliyeshindwa. Multivac ikishasema, basi. Hatumwoni mtu hata mmoja akiuliza imefikaje hapo, na Norman mwenyewe haonyeshwi hiyo mashine. Asimov aliiona kura kama njia ya kupata jibu, akasahau kwamba ni pia njia ya kumthibitishia aliyekosa.

Rudi 2022. Tofauti ilikuwa kura 233,211 kati ya milioni 14 na ushei. Makamishna wanne kati ya saba wa tume waliyakana matokeo, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na tarehe 5 Septemba ushindi wa Ruto ukathibitishwa. Walionuna walinuna. Ila Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 zilikuwa kwenye tovuti, na mama mboga mwenye simu na bando aliweza kufungua ya kituo chake akaisoma, tarakimu kwa tarakimu, bila kuulizwa cheti.

Isomeni "Franchise". Ni fupi, inaisha kabla chai haijapoa. Kisha mniambie: katika ile mizani yenu ya wanaostahili, nani atawapima ninyi?