Joto Kwanza, Mapambo Baadaye: Namna ya Kupima Ubora wa Vifaa vya Mjusi wa Kufugwa

Katika maduka ya wanyama ya Uingereza na Ujerumani, mjusi wa Australia aitwaye pogona mara nyingi huuzwa kwa bei ndogo kuliko kizimba na taa zake. Kwa hiyo familia nyingi, zikiwemo za ndugu zetu waishio huko ambao watoto wao wamemtamani mjusi huyu, hununua mnyama kwanza, kisha huanza kutafuta unafuu kwenye vifaa. Kutafuta unafuu si kosa. Kosa ni kuutafuta pasipostahili: kubana fedha kwenye taa na kuzimwaga kwenye mapango ya plastiki, mimea ya bandia na picha za jangwa za kubandika nyuma ya kioo. Ubora wa kifaa cha mtambaazi haujulikani kwa bei, wala kwa jina la kampuni, wala kwa uzuri wa boksi. Hujulikana kwa kile ambacho kipimo kinasoma pale mnyama anapolala. Anayekubali hoja hii ataona kwamba vitu vinavyostahili fedha nyingi ni vichache sana, na vilivyobaki hupatikana kwa bei ndogo au bure kabisa.

Ushahidi wa hoja uko mwilini mwa mnyama mwenyewe. Mtambaazi hajitengenezei joto la kutosha kama sisi. Huliazima kwa jua na jiwe. Pogona anahitaji mahali pa kuotea ambapo uso wa jiwe unafikia nyuzi 40 hivi za Selsiasi, na upande wa pili wa kizimba uwe nyuzi 24 hadi 28, apate pa kukimbilia joto likimtosha. Akikosa upande wa moto, chakula hakisagiki sawasawa. Akikosa upande wa baridi, hana pa kujiokoa. Balbu nzuri basi ni ile inayoleta nyuzi hizo, basi. Halojeni ya kawaida ya kumulika, ile ya duka la vifaa vya umeme, huifanya kazi hiyo vizuri kama balbu yenye picha ya mjusi kwenye boksi inayouzwa ghali zaidi. Taa nyekundu za usiku hazina sababu ya kununuliwa, kwa kuwa usiku pogona anahitaji giza. Jiwe la umeme la kulalia ndilo la kukataa hata ukipewa zawadi: mtambaazi hulalia kitu cha moto huku ngozi ya tumbo ikiungua naye asiondoke, na madaktari wa mifugo wamekwisha kutibu majeraha mengi ya aina hiyo.

Kinachostahili fedha ni kidhibiti joto, yaani thamostati. Hapa mnunuzi aangalie aina kabla ya bei. Ile ya kukata na kuwasha inafaa mikeka ya joto, lakini ikifungwa kwenye balbu itaifanya ipepese mchana kutwa na kuungua mapema. Balbu inataka ile inayopunguza mwanga taratibu. Kipimajoto cha mshale, cha duara, cha kubandika ukutani, ni fedha iliyopotea. Hupima hewa ya ukutani, tena kwa makosa, ilhali mjusi analala kwenye jiwe. Cha kidijitali chenye waya wa kihisi ni rahisi na kinatosha kwa hewa, na kwa uso wa jiwe kuna kile cha kuelekeza kama bastola. Cha hospitali, tulichokizoea wakati wa korona, kwa kawaida kimewekewa kiwango cha mwili wa binadamu. Kinachotakiwa ni cha mafundi.

Kwenye mwanga ndiko wengi wanakoanguka, kwa sababu ubovu wake hauonekani. Mionzi ya UVB ndiyo inayoiwezesha ngozi ya mjusi kutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo kalsiamu ya chakula hainyonywi ipasavyo. Taya hulainika, miguu hupinda, uti wa mgongo huenda kombo. Ni ugonjwa wa ukoo mmoja na matege ya watoto. Taa inaweza kuwaka vizuri machoni petu huku UVB yake ikiwa imekwisha, maana hufifia kwa matumizi kabla mwanga wa kawaida haujazimika. Ndiyo maana tyubu hubadilishwa baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji, na ndiyo maana tyubu ya mtumba haifai hata kwa bei ya kutupa. Siku ya kuifunga, andika tarehe kwenye kitako chake kwa kalamu ya wino. Chagua tyubu ndefu nyembamba ya aina ya T5 inayofunika karibu nusu ya kizimba, usichague balbu fupi iliyosokotwa, ambayo eneo lake la mionzi ni dogo. Kioo cha kawaida huzuia karibu UVB yote, kwa hiyo kumweka mjusi dirishani hakumsaidii kwa hili. Wavu wa juu nao hupunguza sehemu kubwa ya mionzi, na taa ikifungwa chini ya wavu, kwa umbali ulioandikwa na mtengenezaji, fedha ile ile huzaa zaidi.

Hapa ndipo pingamizi la haki linapotokea: kipimo cha UVB kinaweza kuzidi bei ya kizimba, sasa mtu wa kipato cha kawaida atapimaje? Hana haja ya kukinunua. Mwaka 2010 mtafiti Gary Ferguson na wenzake walichapisha vipimo vya mionzi inayowapata mijusi na nyoka porini, wakawagawa katika kanda nne, na pogona huwekwa katika kanda ya tatu. Watengenezaji makini huchapisha jedwali la kiwango cha UVB, kwa kielezo cha UV (UVI), kwa kila umbali, nalo lisomwe kwa kulinganisha na kanda hiyo. Taa isiyo na jedwali haina ushahidi, hata iwe na bei gani. Kwa pogona, kiwango cha 3 hadi 5 mahali pa kuotea kinatosha. Jua la adhuhuri la Dar es Salaam hupita 10, lakini pogona hahitaji kiasi hicho, kwa hiyo nguvu zaidi si ubora zaidi.

Baada ya joto na mwanga, unafuu uko kila mahali. Kizimba cha mtumba cha sentimita 120 kwa 60 kwa 60 ni bora kuliko kipya kidogo. Kagua milango, matundu ya hewa na mbao zilizovimba kwa maji. Vyombo vya kioo husafishika, lakini magogo na mbao zilizokwishatumika na mnyama mwingine ziachwe, kwa kuwa vijidudu vya kriptosporidiamu havifi kwa dawa ya klorini. Kigae kisichong'arishwa cha duka la vifaa vya ujenzi ni jiwe zuri la kuotea, na hupunguza kucha. Sakafuni gazeti linatosha. Mchanga wa rangi wa madukani haufai, na maranda ya mwerezi yana mafuta yenye sumu. Kwa majani, sukuma wiki ina kalsiamu nyingi na inafaa kila siku kuliko spinachi, ambayo oksalati yake huishika kalsiamu isinyonywe. Nyenje wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, hivyo wanyunyiziwe unga wa kalsiamu kabonati.

Wapo watakaosema kwamba huko Australia hakuna thamostati wala tyubu, na pogona wanaishi. Kweli, lakini wana jua zima na ardhi ya kuzunguka, na anayepata joto kupita kiasi hujificha ardhini. Kizimba kimemwondolea hiari hiyo, nasi ndio tuliomfungia. Wengine watasema boksi la vifaa vyote kwa pamoja ni nafuu kuliko kununua kimoja kimoja. Hesabu vitakavyotupwa: mara nyingi kipimajoto cha mshale, balbu fupi na tangi dogo vyote hubadilishwa ndani ya mwaka, na unafuu unageuka kuwa kununua mara mbili.

Kipimo hiki cha ushahidi kimguse pia mnyama mwenyewe. Mtambaazi wa bei ya chini sana huenda ametekwa porini, na Tanzania imelipa gharama hiyo: mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, na kobe bapa wa mawe wa Tanzania na Kenya waliwindwa kwa ajili ya soko la nje hadi wakaingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Dai karatasi zinazoonyesha kwamba mnyama alizaliwa kizimbani, na usipozipata, usinunue. Kwa wasomaji walioko Kenya na Tanzania, kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali ni kosa la jinai. Kwa walioko ughaibuni, nunua kidhibiti joto, tyubu na vipimo kwanza, viache vikiwaka wiki nzima ndani ya kizimba kitupu, na nyuzi zikikataa kutulia, mjusi asiletwe bado.