Jina la Babu Mwishoni mwa Makala: Mitindo ya Marejeleo ya Uuguzi na Maandishi ya Kiswahili Dodoma

1.0 Utangulizi

Mswada wa makala ya uuguzi unaoandaliwa katika Chuo Kikuu cha Dodoma hupitia sura kadhaa kabla ya kumfikia mhariri. Huanza kama mahojiano ya Kiswahili, na vijijini pengine ya Kigogo. Hugeuka kuwa tasnifu ya Kiingereza. Kisha hukatwa na kupangwa upya ili ulingane na masharti ya jarida. Hatua ya mwisho, yaani kupanga manukuu na marejeleo, huhesabiwa kuwa kazi ya ukarani. Mwanafunzi huambiwa "fuata mtindo", na mjadala huishia hapo. Makala haya yanashikilia kuwa hapo ndipo mjadala ulipopaswa kuanza, kwa sababu kila mtindo wa marejeleo umebeba nadharia kuhusu mtu, jina na lugha, na nadharia hiyo haikutungwa kwa kuzingatia jamii za Waswahili wala za Wagogo.

Majarida mengi ya uuguzi hufuata mmojawapo wa mitindo miwili. Wa kwanza, APA, ulianza mwaka 1929 kama maelekezo ya kurasa saba katika jarida la wanasaikolojia wa Marekani. Toleo lake la saba lilitoka 2019. Wa pili ulitokana na mkutano wa wahariri wa majarida ya tiba uliofanyika Vancouver, Kanada, mwaka 1978. Mmoja hutaja mwandishi na mwaka ndani ya matini. Mwingine huweka namba na kuorodhesha vyanzo kwa mfuatano wa kutajwa kwake. Tofauti hiyo inafahamika. Lisilosemwa sana ni kwamba mitindo yote miwili inaanzia mahali pamoja: kila mwandishi anadhaniwa kuwa na jina la ukoo lisilobadilika, nalo ndilo kitambulisho chake.

2.0 Jina na Nasaba

Katika sehemu kubwa ya Tanzania jina kamili ni nasaba fupi: la mtu mwenyewe, la baba, la babu. Wapo wanaotumia jina la ukoo, na wapo wanawake wanaochukua la mume, lakini hakuna kanuni moja. Rais Samia Suluhu Hassan ni mfano ulio wazi. Watanzania humwita Rais Samia. Aliposhika madaraka mwaka 2021, vyombo kadhaa vya habari vya nje vilimwita Rais Hassan, yaani vilimtaja babu yake. APA ingemworodhesha kama Hassan, S. S., na Vancouver kama Hassan SS. Jina lake mwenyewe limebaki herufi moja. Hali ni hiyo kwa Nyerere, J. K.: Nyerere lilikuwa jina la baba yake, Mtemi Nyerere Burito. Katika fasihi, Shaaban Robert (Robert ni baba yake) huonekana mara chini ya R, mara chini ya S, ilhali wasomaji wake huyatamka majina hayo mawili kama neno moja. Naye Ngũgĩ wa Thiong'o akiwekwa chini ya T, kihusishi "wa" kinabaki kuning'inia bila kuhusisha chochote.

Watu hawa ni mashuhuri na hakuna atakayewapoteza. Anayepotea ni muuguzi. Akichapisha makala ya kwanza kwa jina la baba, ya pili kwa jina la babu kama lilivyo kwenye cheti, na ya tatu kwa jina la mume, hifadhidata itamhesabu kuwa watu watatu. Katika taaluma ambayo wengi wake ni wanawake, na katika vyuo ambamo kupanda cheo hutegemea machapisho, suala hili haliwezi kuachiwa makarani. Kinyume chake pia hutokea: Mohamed S au John M wengi, wa hospitali na mikoa mbalimbali, husomeka kama mtu mmoja. Namba ya utambulisho ya ORCID, iliyoanza 2012, inausaidia mfumo wa kompyuta, lakini haimsaidii anayesoma orodha kwenye karatasi. Waethiopia, ambao nao hutumia jina la mtu likifuatwa na la baba, huorodheshwa na maktaba nyingi kwa majina yao wenyewe. Kwa hiyo njia ipo, na haijaharibu katalogi ya mtu yeyote.

3.0 Kitabu cha Mnyampala, Mabano na Mahali

Mtafiti wa ukunga au lishe miongoni mwa Wagogo huenda akamhitaji Mathias Mnyampala, mwana wa Dodoma, aliyechapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika mwaka 1954. Tafsiri ya Kiingereza iliyohaririwa na mwanahistoria Gregory Maddox ilitoka 1995. Mtafiti akiitaja tafsiri peke yake, msomaji atadhani kwamba desturi zinazoelezwa zilionekana katika miaka ya tisini. Hapa APA inastahili sifa, kwani inaruhusu kuandika 1954/1995 ndani ya matini. Namba tupu ya Vancouver huificha miaka hiyo arobaini na mmoja mpaka msomaji afunue ukurasa wa mwisho, na hata huko ataiona tu ikiwa mwandishi alijali kuiandika.

Akikitaja kitabu cha Kiswahili, APA inamtaka aweke tafsiri ya kichwa kwa Kiingereza ndani ya mabano. Ni heshima kwa msomaji, na haina ubaya. Ila majarida ya Kiswahili huorodhesha vitabu vya Kiingereza bila kumfanyia msomaji wao heshima hiyo. Anayedhaniwa kujua lugha zote mbili ni yuleyule daima.

Toleo la saba la APA limefuta pia mahali pa uchapishaji. Kwa nyaraka za serikali, hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Wizara iliyokuwa ya Afya na Ustawi wa Jamii hadi 2015 ikawa ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto, kisha Januari 2022 ikabaki Wizara ya Afya. Katikati ya mabadiliko hayo serikali ilihamia Dodoma, kwa utekelezaji ulioanza 2016 wa uamuzi wa 1973. Miongozo ya wizara moja hutawanyika katika orodha kama kazi za taasisi tatu, na mahali, ambapo pangesaidia kuiunganisha, hapapo tena. Mwandishi hana budi kuandika jina kama lilivyo kwenye jalada, hata kama analijua la sasa.

4.0 "Na Wenzake"

Lawama haiwaangukii wageni peke yao. Majarida ya Kiswahili yameitafsiri "et al." kuwa "na wenzake" bila kulipima neno. Kilatini kinasema "na wengine" tu. Kiswahili kimeongeza kimilikishi cha umoja, na waandishi wote waliobaki wamekuwa wenzake wa yule wa kwanza. Katika utafiti wa wodini, ambako aliyekusanya data usiku kucha aghalabu hutajwa wa tatu au wa nne, kiambishi hicho kimekwisha kuamua kazi ni ya nani. "Na wengine" lingetosha, wala halizidi kwa urefu.