Kirusha FM cha Kujiundia katika Joto la Garissa

Kirusha FM kidogo, yaani saketi inayogeuza sauti kuwa mawimbi yanayonaswa na redio ya kawaida iliyo karibu, huweza kuundwa kwa transista moja, kapasita na resista chache, kipaza sauti kidogo, koili ya waya wa shaba na betri ya volti 9, vifaa ambavyo vingi vyake hung'olewa kwenye redio mbovu. Ugumu wa kazi hii hauko katika kuifanya saketi itoe mawimbi, bali katika kuyafanya mawimbi hayo yabaki mahali yalipokusudiwa, na hapo ndipo hali ya hewa ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya inapoingia katika hesabu.

Moyo wa kifaa ni koili na kapasita zilizounganishwa sambamba, ambapo nishati huenda na kurudi kati ya usumaku wa koili na chaji ya kapasita, huku transista ikifidia nishati inayopotea ili mtetemo usizimike. Idadi ya mitetemo hiyo kwa sekunde ndiyo huitwa masafa. Koili ya mikrohenri 0.1 ikiunganishwa na kapasita ya pikofaradi 26 hutetema kwa takriban megahetsi 98.7, ndani ya bendi ya FM inayoanzia 87.5 hadi 108. Ikiongezwa pikofaradi moja tu, masafa hushuka hadi karibu 96.9. Ndiyo maana mkono ukisogezwa karibu na koili, kituo huhama, kwa kuwa mwili wa binadamu nao huongeza uwezo wa kuhifadhi chaji. Sauti hutumia mlango huohuo: volti za kipaza sauti hubadilisha kidogo uwezo wa ndani wa transista, na masafa yakapanda na kushuka kwa kuifuata sauti.

Mji wa Garissa uko takriban mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35. Uwezo wa kapasita ukibadilika kwa asilimia moja kutokana na joto hilo, masafa huhama kwa karibu nusu megahetsi, kiasi kwamba redio iliyotegwa asubuhi haitasikia kitu adhuhuri. Dawa ya kwanza ni kutumia kapasita za aina ya NP0, ambazo joto haliziathiri sana, kuishika koili kwa nta isicheze, kuweka kidhibiti cha volti, kisha kuifunika saketi kwa kisanduku cha chuma. Dawa kamili zaidi ni saketi jumuishi kama BH1417 ya kampuni ya Rohm, ambayo hulinganisha masafa yanayotoka na mtetemo thabiti wa kioo cha kwatsi cha megahetsi 7.6, na kuyarekebisha kila yanapoteleza.

Uthabiti huo ni suala la usalama pia, kwani juu ya megahetsi 108 huanza masafa ya kuongozea ndege, nazo ndege hutua Garissa na Dadaab, ambako kambi za wakimbizi zimekuwapo tangu mwaka 1991. Aidha, saketi isiyochujwa hutoa pia mawimbi ya masafa maradufu, na masafa yakiteleza, kituo kama Star FM, ambacho wasikilizaji wa Kisomali hukitegemea kwa habari, hakipaswi kufunikwa na majaribio ya mtu. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998 hairuhusu kutangaza bila leseni, na leseni hizo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kwa hiyo majaribio yafaa yafanyike bila antena, resista ya omu 50 ikiwekwa mahali pake ili nguvu iishie kuwa joto, huku redio ya kupimia ikiwa juu ya meza ileile.

Mwanafunzi atakayeandika masafa na joto kila saa kutwa nzima, kisha akabadilisha kapasita moja na kupima upya, atapata ujuzi ambao mitambo ya vituo vikubwa nayo imejengwa juu yake.